Viraka vya Wenye Nafasi

Marekani kuna starehe inayonipiga chenga: mtu ananunua kitambaa kipya, hakijaonja maji, anakikatakata vipande vya inchi mbili mbili, kisha anaviunga upya viwe kitambaa. Akikwama, yupo mwalimu wa kulipwa wa kumfundisha kushona viraka. Viraka!

Kina mama wa Gee's Bend, Alabama, mwalimu wao alikuwa mama mzazi, na duka lao suruali kuukuu za shambani, magoti yamepauka. Walishona mablanketi ya viraka, watoto wasilale na baridi. Mwaka 2002 mablanketi hayo yakatundikwa kwenye jumba la makumbusho la Whitney, New York, kama michoro.

Bibi yangu naye alinitia viraka vya namna hiyo, kwenye kaptura. Wageni wakija, nilifichwa.