Mjomba, Klasta na Foleni ya Saiba

Mtahiniwa wa kidato cha nne katika kaunti ya Nakuru atakueleza bila kupepesa macho jinsi Bonde la Ufa lilivyoumbika na kwa nini maji ya Ziwa Nakuru yana magadi. Muulize atasomea nini mwaka ujao, aanze kujikuna kichwa. Si kosa lake. Kwa miaka minne amefunzwa kujibu maswali ya KCSE. Suala la kozi hutengewa alasiri moja, tena ya Ijumaa, akili zote zikiwa jikoni.

Alasiri hiyo shule hualika wageni waliovaa tai: mhandisi, muuguzi, karani wa benki na wakili. Wakili ndiye hushangiliwa zaidi, maana ndiye aliyekuja na gari. Kufikia jioni nusu ya darasa wamekuwa mawakili. Baadaye hukodiwa basi la kwenda Egerton, pale Njoro, na mwalimu hueleza kwa bidii kwamba chuo kilianza mwaka wa 1939 kama shule ya kilimo ya Lord Maurice Egerton, kikawa chuo kikuu kamili mwaka wa 1987. Vijana huandika yote. Lakini kinachosimuliwa bwenini usiku ni kwamba kule hakuna sare, wala hakuna wa kuwapigia watu kengele saa kumi alfajiri.

Binti mmoja wa Mauche, babake akiwa mkulima wa viazi, alianza mwaka wake wa mwisho akiwa watu wawili. Cheti cha kuzaliwa kilimwita Cherono, vile Wakipsigis husema. Rejista ya shule ilimwita Jerono, vile mwalimu wake wa kwanza, Mtugen wa Baringo, alivyozoea kwao. KNEC, baraza la mitihani, humtahini mmoja tu. Muhula wa kwanza ukapotea kwa barua, mihuri na nauli ya matatu, hadi Jerono alipostaafu rasmi.

Likizo ya Agosti alirudi nyumbani na msimamo: sayansi ya aktuaria.

"Ni ya kufanya nini hiyo?" babake aliuliza.

"Ni kupigia kampuni za bima hesabu ya vile watu watakufa, baba."

"Ashindwe!" mamake alisema kutoka jikoni.

Baraza likaitishwa papo hapo. Nyanya alitaka ualimu, kwa kuwa mwalimu hufika nyumbani kabla jua halijatua na shamba bado lipo. Mjomba wa Nairobi, kwa simu iliyowekwa spika juu ya meza, alisema uhandisi, akarudia mara tatu bila kueleza ni uhandisi wa nini. Binti akarudi shuleni na kozi tatu na kichwa kimoja.

Matokeo yalipotoka alikuwa na B: pointi 63 kati ya 84. Hapo ndipo klasta, lile kundi la masomo manne ambayo kozi huyatazama, ilipoingia. Wengi huamini kipeuo cha pili kiliwekwa kwenye silabasi ili kuwatesa, kumbe kina kazi. Kanuni inayozunguka shuleni na kwenye vikundi vya WhatsApp inasema hivi: chukua pointi za masomo manne ya klasta, ugawe kwa 48, chukua jumla ya masomo saba, ugawe kwa 84, zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, kisha uzidishe kwa 48. Katika yale manne binti alikuwa na 36. Alijaza ukurasa mzima, babake akimmulikia kwa tochi ya simu kwa sababu stima zilikuwa zimepotea. Jibu likawa 36.

"Si ndiyo hiyo uliyoanza nayo?" mzee aliuliza.

Ndiyo hiyo. Na kozi ya aktuaria aliyoitaka, mwaka uliotangulia, ilikuwa imefungia kwenye pointi za juu ya hapo.

KUCCPS, idara ya kuwapanga wanafunzi vyuoni, iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 kuchukua mahali pa bodi ya JAB, huendesha maombi mtandaoni, kwa hivyo mtu anaweza kuyamaliza akiwa kitandani. Anaweza, ila hafanyi. Siku ya mwisho binti na babake walikuwa kwenye saiba mjini Nakuru, foleni imefika ngazini. Zamu yao ilipofika, mtambo ulitaka nambari ya mtihani, mwaka, na nambari ya cheti cha kuzaliwa. Cheti kilikuwa Mauche, chini ya godoro.

Mama alipigiwa simu. Miwani haikuonekana, akaitwa kitinda mimba wa darasa la tatu asome.

"Sita… ama ni tisa?"

"Umeshika karatasi juu chini?"

"Dada, juu ni wapi?"

Ikaja ada ya shilingi 1,500. Shangazi wa Gilgil alituma kwa simu ya mzee, na kabla pesa hazijatulia, deni la mkopo wa simu ambalo mzee alikuwa amelisahau, au alitaka lisahaulike, likazilamba zote. Shangazi akatuma tena, safari hii kwa mwenye saiba.

Kila kozi ina nambari ya tarakimu saba, na kijana wa saiba alizibofya kwa vidole viwili huku waliokuwa nyuma wakiguna. Nafasi ya mwisho ilibaki wazi. "Hapa tuweke nini?"

"Weka ile ya chakula," mzee alisema. "Watu hawaachi kula."

Ndiyo aliyopata: sayansi na teknolojia ya vyakula, Egerton, karibu kabisa na nyumbani. Mjomba aliandika kwenye kikundi cha familia kwamba ndiye aliyemwelekeza mtoto tangu mwanzo.

Zikabaki fomu za pesa. Mfumo wa ufadhili wa mwaka 2023 hupima uwezo wa kila familia kabla ya kugawa ruzuku na mkopo, na mzee alibishana na mkewe jioni nzima kama ng'ombe anayenyonyesha huhesabiwa kuwa mapato. Kisha mkopo ukahitaji wadhamini. Mjomba aliombwa nakala ya kitambulisho chake kwenye kikundi kile kile. Alijibu kwa kutuma mikono miwili ya maombi.