Namna ya Kununua Prosesa Mbovu kwa Bei ya Nzima Tano

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mmoja tu: yule aliyesikia kwamba kuna watu duniani wanaolipa mamilioni kwa prosesa za majaribio ambazo hazikuwahi kufika dukani, akaamka asubuhi hapa Dodoma akiwa na laki tatu mfukoni na macho yanamng'aa. Mke wake anayajua macho hayo. Aliyaona mara ya mwisho mwaka wa mayai ya kware.

Tuanze na bidhaa yenyewe. Kabla kampuni kama Intel haijatoa prosesa mpya, hutengeneza kwanza chache za kuwapa wahandisi na viwanda vinavyounda mazabodi, wazijaribu, wazilalamikie, zirekebishwe. Juu yake huchapwa maneno INTEL CONFIDENTIAL, na mahali ambapo prosesa ya dukani ina alama ya herufi na tarakimu tano inayoanza na S, hii huwa na nne, ikianza na Q. Kampuni inasema bila kumung'unya maneno kwamba sampuli hizo ni mali yake, imeziazimisha tu, na haziuzwi. Kwa hiyo unakwenda kununua kitu ambacho mwenyewe amesema hakiuzwi, kutoka kwa mtu ambaye hakuazimwa, tena bila risiti. Ukishalikubali hilo bila kuona aibu, una sifa za kuendelea.

Zipo zenye heshima zaidi, zile ambazo mradi wake mzima ulifutwa. Timna, iliyokusudiwa kompyuta za bei nafuu, Intel iliizika mwaka 2000. Tejas ilifuata Mei 2004. Ilikuwa inakula umeme na kutoa joto kupita kiasi. Ukiambiwa ipo Timna moja Majengo, nyuma ya duka la vitenge, kwa elfu arobaini, usikimbie. Kula kwanza.

Zinafikaje huku? Kwa njia ileile inayoleta kila kitu. Kompyuta zilizochoka Ulaya na Dubai hupakiwa kwenye kontena, hushuka Dar es Salaam, hupita Kariakoo, kisha hupanda huku kwa basi, na siku hizi mwenye haraka huja nazo kwa treni ya umeme. Soko lipo. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007 na wanafunzi wake wanahitaji mashine. Tangu 2016 wizara nazo zikaanza kuhamia kwa kishindo, na ofisi ikihama, kompyuta za zamani hazipati kiti kwenye gari. Baada ya miaka kadhaa zinaishia kwenye mnada wa vifaa chakavu, zimerundikwa pamoja na viti visivyo na mguu na fotokopi iliyojaa panya. Dalali atakusomea sharti: vitu vinauzwa kama vilivyo, pale vilipo. Hilo ndilo tamko la kweli pekee utakalolisikia katika shughuli hii, kwa hiyo lisikilize vizuri. Na lundo ni lundo. Ukitaka ile mazabodi moja iliyokuvutia, utaondoka na fotokopi pia. Panya hawahesabiwi.

Sasa tuingie kwenye mazabodi, maana hapo ndipo watu wengi wazuri walipopotelea. Vitabu vya wakusanyaji wa huko nje vitakuambia kwamba bodi ya majaribio inatambulika kwa nyaya zilizochomelewa juu kwa mkono. Wahandisi wakigundua njia moja ya umeme imechorwa vibaya, hawasubiri bodi mpya itoke kiwandani. Hukata njia hiyo kwa kisu na kuunganisha waya mwembamba juu yake. Alama hiyo inaheshimika California. Hapa Dodoma, kila bodi iliyowahi kulala usiku mmoja kwa fundi ina nyaya. Kwa kipimo cha vitabu hivyo, Uhindini peke yake ina bodi za majaribio nyingi kuliko makao makuu ya Intel.

Namna ya kutofautisha ipo, na inahitaji kioo cha kukuzia na moyo mgumu. Waya wa mhandisi wa maabara ni mwembamba kama unywele, umelazwa umenyooka, umebanwa kwa vitone vya gundi, na bodi dada zake zina waya uleule mahali palepale. Waya wa fundi wetu umetoka kwenye chaja ya simu, rangi yoyote iliyopatikana, na pembeni yake pana doa la kahawia la risasi iliyounguzwa na mtu aliyekuwa anaongea na simu. Angalia pia mahali patupu. Bodi ya majaribio huwa na nafasi za vifaa ambavyo havikuwekwa na soketi za ziada za kuchunguzia hitilafu. Lakini na bodi iliyochunwa vipuri nayo ina nafasi tupu. Tofauti ni kwamba nafasi isiyowahi kujazwa huwa safi, na iliyochunwa ina makovu. Kwenye bodi za Dell, ambazo zimejaa maofisini, soma lebo: toleo linaloanza na A, kama A00, ni la uzalishaji wa kawaida, linaloanza na X ndilo la kabla yake. Fundi akikuona unasoma lebo kwa muda mrefu, atapandisha bei. Soma huku unapiga miayo.

Kinachomponza asiyejua ni hiki. Katika biashara zote halali, kitu kisichofanya kazi hushuka bei. Katika hii, ubovu ni sehemu ya mvuto, na muuzaji mwepesi hulijua hilo ndani ya dakika mbili tangu uanze kuuliza maswali.

"Hii haiwaki, fundi?"

"Ndiyo uzuri wake, bosi wangu. Ingekuwa inawaka si ingekuwa ya kawaida?"

Huwezi kumjibu, kwa sababu ana haki nusu. Sampuli nyingi za kweli haziwaki kwenye bodi ya kawaida, kwani bayosi ya bodi hiyo haizitambui. Nyingine hazitawaka milele, nazo ni za kweli vilevile: viwanda hupewa sampuli zenye umbo tu, hazina silikoni ndani, za kupimia kama soketi inafunga sawasawa. Humo ndani hamna kitu, na hapakuwahi kuwa na kitu. Ukinunua hiyo kwa laki tatu, umenunua kifuniko cha sufuria chenye maandishi ya siri. Usiponunua, na ikawa ndiyo ile, hutalala. Nunua kadi ndogo ya kupimia inayoonyesha tarakimu mbili za hatua ambayo mashine imekwamia. Angalau utaandika kwenye daftari lako kwamba ilifia wapi. Na ikitokea kwa bahati sampuli yako ikawaka, usiguse bayosi. Kuna matoleo mapya yaliyoondoa msaada kwa sampuli za zamani, na hapo utakuwa umeua kwa mkono wako kitu ambacho muuzaji alishindwa kukiua.

Kuhusu hali ya hewa. Dodoma hunyeshewa kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, kisha mbingu hufungwa. Kufika Agosti hewa imekauka kiasi kwamba ukivua sweta la nailoni gizani unaziona cheche. Mwili wa binadamu hauhisi shoti ya aina hiyo mpaka ifike takriban volti 3,000. Silikoni inaweza kufa kwa chini ya hapo sana, bila kelele wala moshi. Shika chuma kilichounganishwa na ardhi kabla ya kushika prosesa, ihifadhi kwenye mfuko wake wa rangi ya fedha, na usiifunge kwenye mfuko wa rambo, ambao licha ya kuzalisha chaji umepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019. Mashindano ya nani ataharibu mali yako kwanza, wewe, upepo wa vumbi au polisi, hayana sababu ya kufanyika.

Atakuja pia mtu wa dhahabu. Huyu hajali Q wala S. Ana ndoo, ana asidi, na amesikia kwamba Pentium Pro ina dhahabu, jambo ambalo ni kweli, ingawa haifiki hata gramu moja kwa kipande. Mvuke wa asidi yake unaweza kuharibu mapafu ya nyumba nzima, kwa hiyo usimkaribishe uani. Ukitaka kubishana naye, mkumbushe ya Sekenke, huko Iramba, mkoani Singida. Wajerumani walichimba dhahabu pale, na mwaka 1916, vita vikiwa vimewafungia bahari, wakaifanya sarafu za rupia 15 kwenye karakana ya reli ya Tabora, zikiwa na picha ya tembo. Zilitoka takriban 16,000. Leo mkusanyaji hapimi uzito wake kwenye mizani ya sonara; analipia Tabora, analipia 1916, analipia ile karakana. Aliyeziyeyusha zake alibaki na dhahabu tu.

Basi ukishajua kwamba kinacholipiwa ni historia, utaelewa kwa nini mtafiti wa kweli hanunui chochote mpaka amuulize muuzaji maswali ya kuchosha: mashine ilikuwa ofisi gani, nani aliifungua, ilikuja na makaratasi gani. Prosesa isiyo na majibu hayo ni kigae.

Na ukiwa mtu wa kufuata majibu kuliko vigae, nchi hii ina kitu cha nadra ambacho hakuna dalali anayekiuza. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ICT 1500, yenye chapa ya Kiingereza, lakini chini ya chapa hiyo ilikuwa mashine ya Kimarekani, RCA 301; kubandika jina jingine hakukuanzia kwa mafundi wa Uhindini. Kufika mwaka 1974 kulikuwa na kompyuta saba nchi nzima. Mwaka huohuo serikali ikapiga marufuku kuziingiza, pamoja na televisheni, na katazo hilo likalegezwa polepole hadi miaka ya 1990. Saba. Mwenye Timna anajisifu mbele ya watu kwa uchache mdogo kuliko huo.

Utafiti wa kompyuta hizo hauhitaji laki tatu. Sheria ya kumbukumbu na nyaraka ya mwaka 2002 inafungua majalada ya serikali baada ya miaka 30, na Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu kiko hapahapa Dodoma. Andika barua ya maombi, taja miaka unayoitaka, taja Hazina, ambatisha kitambulisho, chukua penseli. Ukifika mezani, msalimie mhudumu kwa heshima yake, vaa nguo isiyo na cheche kwa mazoea tu, na jalada likiletwa usimuulize kama linawaka.