Namna ya Kununua Jenereta na Mashine ya Kuchomelea Bila Kuichosha Akili

Rasha ya dhahabu ikitokea kwenye machimbo ya Nyarugusu au Mwakitolyo, fundi wa kuchomelea mwenye jenereta juu ya toyo hakosi kazi. Nyundo za karasha, mashine ya kusaga mawe, zinalika, winchi inakatika, na umeme wa TANESCO mara nyingi haujafika kwenye shimo jipya. Ukitaka kuingia kwenye biashara hiyo, fuata mwongozo huu. Umejaribiwa na wengi kuanzia Kahama hadi Katoro, na baadhi yao sasa wanakaanga chipsi.

1. Amini stika. Ukikuta jenereta imeandikwa 3.5 kwa maandishi makubwa, lipa. Usiinamie maandishi madogo yanayosema kuwa hizo ni kVA, tena za kilele. Kuzidisha kwa 0.8 ili upate kilowati ni kazi ya wahandisi wa mgodi wa Bulyanhulu.

2. Nunua ampea za kujisifia. Rodi ya milimita 2.5 inashiba kwa ampea 70 hadi 90, na ya 3.2 kwa 100 hadi 130 hivi. Wewe chukua inverta ya kuchomelea inayobebwa kwa kidole kimoja, iliyoandikwa 300. Usiulize inafanya kazi asilimia ngapi ya muda. Ikiwa ni asilimia 20, maana yake katika kila dakika 10 unachomelea 2 na kuipumzisha 8. Hizo 8 mpigie mwenye karasha stori.

3. Jaribu kwa balbu. Muuzaji atavuta kamba, balbu itawaka, naye atasema, "Umeona, bosi? Orijino hiyo!" Ridhika. Rodi ya 3.2 kwenye ampea 120 inakula karibu kilowati 3 pale kwenye ncha tu, na inverta ya bei poa inaweza kuidai jenereta kVA 5 au zaidi, lakini mambo hayo utayajulia machimboni. Utagusa chuma, jenereta itakohoa, rodi itanata, watu watakusanyika. Sema chuma chao ni kibovu.

4. Usikwangue waya. Rangi ya nje ikiwa nyekundu, hiyo ni shaba. Anayekwangua kwa kisu na kukuta weupe wa alumini ndani hujiletea presha bure.

5. Kebo iwe ndefu na nyembamba. Volti 230 zikitoka kwenye jenereta, ziache zipotelee njiani. Kebo ikipata moto, usishtuke. Asubuhi za Geita zina baridi.

6. Mvua ikinyesha, ingiza jenereta kwenye kibanda cha turubai, kisha mjifungie humo. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, kwa hiyo hakuna atakayelalamika. Ukiiweka kwenye mdomo wa duara la wachimbaji, jirani na feni ya kupeleka hewa chini, na walioko shimoni watapata mgao wao.

7. Chagua aina ambayo hakuna fundi wa Katoro aliyewahi kuifungua. Zile ambazo kabureta na plagi zake zinauzwa kila duka ni za watu wasio na hadhi. Yako ikizima, spea itaagizwa Dar es Salaam, na wewe utapata nafasi ya kusalimia ndugu.

8. Usipatane malipo mapema. Ukimaliza kazi, mwenye karasha atakuambia, "Fundi wangu, hela hamna, chukua mfuko wa mawe." Chukua, shukuru. Kisha omba ukasage kwenye karasha ileile, kwa gharama yako. Nyundo ulizochomelea zikichomoka katikati ya mawe yako, hutahangaika kutafuta fundi wa kumlaumu.