Kulia 36, Kushoto 35

Ilianza kope ya jicho la kushoto. Nipo mezani nasahihisha hati ya kitabu cha kilimo, mara kope ikaanza kucheza yenyewe, kama mtu anayenikonyeza kutoka ndani. Mama mkwe wangu, aliyekuja Tanga kwa siku tatu na sasa tupo mwezi wa pili, akanitazama kwa huruma.

"La kushoto hilo halina heri, baba. Utapata la kukuliza. Lingekuwa la kulia, ungepata mgeni."

Nilikuwa na la kusema kuhusu wageni, nikalimeza.

Siku ya nne kope ikatulia, mambo yakahamia mguuni. Nikijilaza tu, shavu la mguu wa kushoto linaanza: kitu kinaruka chini ya ngozi, kinatulia, kinaruka tena pembeni kidogo, kama kamba mbichi aliyesahauliwa kikapuni. Nilimwonyesha mke wangu. Akaangalia, akasema, "Ala, kweli," akarudi kwenye cherehani yake. Mama mkwe alikuwa na jibu kamili zaidi: mguu ukicheza ni safari. Mimi hata nauli ya Muheza sikuwa nayo.

Ningeishia hapo, kama si simu. Saa nane usiku, watu wamelala, nikaiuliza kwa nini nyama ya mguu inacheza. Ikanijibu vizuri tu: uchovu, kahawa, kukosa usingizi, mawazo. Nikayapita hayo mbio, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya waliofeli, mpaka nikalipata: ALS. Ugonjwa unaoua neva zinazoamrisha misuli, mtu akaishiwa nguvu kidogo kidogo, mikono, miguu, kumeza, mwisho pumzi. Hapo nikakumbuka mwaka 2014, watu maarufu wakijimwagia ndoo za maji ya barafu, nami nikicheka kwamba wenzetu hata baridi ya kwao haiwatoshi. Kumbe walikuwa wanachangisha fedha za ugonjwa wangu.

Usiku ule nililiwazwa na Stephen Hawking. Mwaka 1963 madaktari walimpa kama miaka miwili, akafa 2018. Nikapiga hesabu: miaka 55. Mimi nina 44, jumlisha 55, sawa na 99. Nikalala fofofo. Usiku wa pili nikakutana na Lou Gehrig, mcheza besiboli wa Marekani, mwanamume wa miraba minne: alibainika kuwa nao mwaka 1939, akafa 1941. Hesabu ikawa 46, na mkopo wa pikipiki unaisha nikiwa na 47.

Usiku wa tatu nikapata habari iliyopaswa kuniondolea wasiwasi. Kliniki ya Mayo huko Marekani waliwafuatilia watu 121 ambao misuli yao ilikuwa inacheza tu bila udhaifu wowote, baadhi yao kwa miaka mingi, na mwaka 1993 wakachapisha matokeo: hakuna hata mmoja aliyepata ALS. Nikasoma mara mbili. Kisha nikajiambia: sawa, mimi ni wa 122.

Basi nikaanza kujipima. Alfajiri nasimama kwa vidole vya miguu mara thelathini, mguu mmoja mmoja. Kutoka jikoni hadi bafuni natembea kwa visigino. Halafu kioo: nilisoma kwamba daktari huangalia ulimi, kwa hiyo nautoa wote nje, naukodolea macho. Ulimi wowote ukitolewa nje na kushikiliwa hutetemeka, lakini hilo nililijua baadaye. Siku moja mama mkwe akapita nyuma yangu na kanga yake begani, tukaonana kiooni, yeye na mimi na ulimi. Kwa siku mbili kila nilipomwamkia aliitikia "marahaba" ya kukata kwa wembe.

Na futi. Mke wangu ni fundi cherehani, futi zimejaa nyumba nzima. Kila usiku nilikuwa nazungusha futi kwenye mashavu ya miguu yangu kuona kama la kushoto linasinyaa, nikaandika kwa penseli kwenye daftari lolote lililo karibu: kulia 36, kushoto 35. Kesho yake kulia 36, kushoto 35. Sentimita moja nzima! Mguu unayeyuka.

Hatimaye nikaenda hospitali. Daktari mwenyewe makamo ya mpwa wangu, akaniita "mzee" kabla sijakaa. Akanigonga magoti kwa kirungu cha mpira. Akaniambia nisukume kiganja chake kwa mguu, nikasukuma, kiti chake chenye magurudumu kikarudi nyuma hadi kabatini.

"Unaweza kufunga vifungo vya shati?"

"Naweza."

"Unajikwaa? Kitu kinakudondoka mkononi?"

"Hapana."

"Ugonjwa unaouwaza wewe, mzee, mtu huja kwetu kwa sababu nguvu zinamwishia. Kucheza tu, bila udhaifu, hata mimi nachezwa." Akaniuliza kahawa nakunywa vikombe vingapi.

"Viwili, vitatu."

"Kwa siku?"

"Kwa kikao."

Akaweka kalamu chini. Tukahesabu vikao. Kuna cha alfajiri baada ya kutoka msikitini, kuna cha alasiri, na kile cha baada ya isha pale kijiweni Ngamiani, ambacho muuza kahawa akipita na dele hakuna anayehesabu. Jumla ilinitia aibu. Juu yake ongeza kukesha na simu na kusimama kwa vidole mara thelathini kila alfajiri. Mguu ungekosaje kulalamika? Nikamtajia ile sentimita. Akauliza naendesha baiskeli? Mtu wa Tanga anaulizwa hilo! Akasema ni watu wachache wenye miguu miwili iliyolingana.

Nikarudi nyumbani mwepesi kama karatasi. Nikakuta kikao cha dharura.

Lile daftari nililokuwa naandikia lilikuwa la wateja. Nilijaza nafasi tupu chini ya oda ya bwana harusi mmoja, na mwanafunzi wa mke wangu, binti mwenye bidii asiyeuliza sana, akakata suruali kama alivyosoma: kiuno cha bwana harusi, mashavu ya miguu yangu. Yule bwana ni mtu mwenye mwili. Suruali ilimpanda hadi chini ya goti ikagoma, siku moja kabla ya ndoa. Akaoa na suruali ya shemeji yake.

Kitambaa nimekilipa mimi, kwa hiyo suruali ni yangu. Kiunoni nafunga mkanda hadi tundu la mwisho na bado inapwaya, lakini chini imenikaa barabara, mguu wa kulia 36, wa kushoto 35. Ijumaa niliivaa, nikakaa barazani na kikombe kimoja tu cha kahawa. Shavu la kushoto likaanza, na jinsi kitambaa kilivyobana, likaonekana wazi likirukaruka.

Mama mkwe akaacha kuchambua mchele.

"Safari hiyo," akasema. "Na bado hujatuambia unakwenda wapi."