Posa Imefika Mkoani

Wakwe wa mdogo wangu wamenipokea bandarini Mkoani, Pemba, nikiwa nimejifunga khanga ya shangazi. Mvua inamwagika, kanzu yangu imo ndani ya mfuko uliokazwa fundo, na mimi ndiye msemaji wa posa. Khanga yenyewe imeandikwa "Usisafirie nyota ya mwenzio." Baba wa binti aliisoma pole pole, akainama kidogo kumalizia neno lililokunjika, kisha akanipa mkono kwa ncha za vidole.

Kisa chote ni mkondo wa Nungwi. Boti ikitoka Malindi ya Unguja, kisiwa huikinga, na safari huwa raha tupu: watoto wanatafuna kashata, ami anasimulia posa zake zote, hata zile zilizokataliwa. Ikishapita Ras Nungwi, kinga imekwisha. Kulia kwako ni Bahari ya Hindi yenyewe, na hadi Pemba ni kama kilomita 50. Mwezi wa Mei, masika hayajaaga na kusi imeshabisha hodi. Mawimbi ya kusi yanakuja kutoka kusini mashariki na kuipiga boti ubavuni. Chini yake kuna mkondo unaokwenda kaskazini mwaka mzima, ambao kusi ikivuma huongeza mbio. Juu ya hayo weka maji ya bamvu, yanayoweza kupanda na kushuka karibu mita 4, nayo yanataka kupita hapo hapo. Upepo, mkondo na bamvu, kila mmoja ana amri yake, na boti inawatii wote kwa wakati mmoja.

Sasa njoo kwenye sikio. Ndani kabisa mna mifereji mitatu midogo yenye majimaji, kila mmoja umeelekea upande wake, kazi yao kuuambia ubongo kichwa kinageukia wapi. Sikio likapiga kelele kwamba tunaporomoka. Macho, yaliyokuwa yakitazama filamu ya Kihindi ukutani, yakaapa kwamba tumekaa kimya tangu Malindi. Wapo wataalamu wanaosema kwamba ubongo ukipata taarifa mbili zinazogombana namna hii, huamua mwenye mwili amekula sumu, na sumu lazima itoke. Urojo nilioutia tumboni asubuhi haukuwa na hatia hata chembe, lakini ubongo haukusikiliza utetezi.

Sehemu inayoyumba kidogo kuliko zote ni chini, katikati ya chombo. Sisi tulikuwa juu kabisa, kwa nauli ya ziada, maana ami alisema posa haisafiri daraja la chini.

Kila aliyewahi kupanda jahazi anajua kwamba mtu akitaka kutapika huenda upande wa demani, upepo uichukue haja yake na kuipeleka mbali. Nikakimbilia demani. Mlango wa demani ulizibwa na magodoro, ndoo za rangi na maboksi ya vifaranga waliokuwa wakilia kwa niaba yetu sote. Mlango uliobaki ulikuwa wa goshini. Urojo ukatoka, ukasita hewani, ukarudi. Ulinipata mimi kifuani, na ami kwenye ndevu, kwa sababu alinifuata nyuma kunipa pole.

Nilimuuliza baharia mlango ule wa demani una nini. Akanijibu, "Mzee, kwani ukitoka unataka kwenda wapi?" Abiria wakacheka, nami nikacheka kwa kiasi tumbo lilivyoruhusu.

Sasa sicheki. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander I ilizama katika mkondo huu huu ikielekea Pemba, imejazwa watu kupita uwezo wake. Pemba kuna nyumba ambazo hazihitaji kuelezwa mlango wa chombo ni wa nini. Godoro halina tiketi, halina jina kwenye orodha ya abiria, halina mama anayelisubiri gatini. Lakini ndilo lililopewa mahali pa mtu kupita, na kabati la majaketi ya kuokolea lilifunikwa na masanduku ya watu. Ukiuliza, unaambiwa una wasiwasi wa bara.

Yaliyofuata ni madogo. Barua ya posa ilirowa ikawa wino mtupu, na ami, akiisoma kwa kichwa, akamposa mkewe mwenyewe. Shangazi ametangaza atarudi kwa ndege, kwa fedha za mfuko wa msafara.

Posa imekubaliwa hata hivyo. Baba wa binti akapendekeza harusi iwe Julai, hapa hapa Pemba. Nikamuuliza kwa adabu kama anaijua bahari ya Julai, kusi ikiwa imekomaa.

"Naijua vizuri sana, mwanangu," akasema. "Ndiyo maana. Mtakaofika mtakuwa wachache, na pilau itatosha."