Friji la Kuonwa na Wageni

Ukitaka kujua friji la mama mkubwa liko wapi, simama tu mlangoni kwake Mbagala, hata viatu usivue. Liko sebuleni, kati ya runinga na kabati la vyombo visivyotumika, limebanwa ukutani kama mdaiwa. Kichwani limevishwa kitambaa cha kufuma, maua ya plastiki na picha ya harusi. Kulipeleka jikoni? "Nani atakwenda kuliona huko, mwanangu?"

Tatizo ni kwamba friji kazi yake ni kuhamisha joto: linalitoa ndani na kulitupa nje kupitia vile vibomba vyeusi vya mgongoni. Likikosa pa kupumulia, kompresa inanguruma mchana kutwa na uniti za LUKU zinakwisha kabla maji hayajapoa. Februari, Dar ikigonga nyuzi 32, sebule ile unaweza kuanika dagaa usiku.

Shemeji, mjuzi wa kila kitu, akaja na dawa yake: tufungue mlango wa friji tukae mbele yake, kiyoyozi cha bure. Tukakaa. Magoti yakapoa, visogo vikachuruzika jasho, maana lile joto la mgongoni liliishia chumbani humohumo, na la mota juu yake. Barafu za ubuyu za mama mkubwa zikarudi kuwa juisi. Watoto waliokuja kununua wakauziwa kwa kikombe, bei ileile.

Akaitwa fundi kutoka Tandika. Alimkuta binamu yangu ameshika kisu, anabandua barafu iliyoganda kwenye friza. Fundi akapiga yowe. Ukitoboa humo gesi inatoka, umeshaua friji. Chomoa umeme, acha mlango wazi, iyeyuke yenyewe. Kisha akaomba noti apime mpira wa mlango. Ya elfu kumi. (Ya elfu moja ingetosha, lakini fundi ni yeye.) Akaibana mlangoni, akaivuta, ikateleza bila ubishi. "Mnaona? Mpira umechoka, hapa kila kitu kinapita." Na noti ikapita kweli, mpaka mfukoni mwake.

Vijana wa mtaa wakalivuta friji. Nyuma tukakuta ndala moja, rimoti iliyomponza dada wa kazi, na vumbi la kutosha kupandia mchicha. Fundi akapiga brashi vibomba, akaacha nafasi ya kiganja. Mama mkubwa, kwa kuwa kaambiwa mgongo upate hewa, akaongeza lake: akalielekezea feni. Sisi tunajipepea kwa mifuniko ya ndoo, na mgeni akikaa njiani mwa upepo anaombwa, kwa heshima zote, asogee.