Barua ya Wazi kwa Ofisi Inayompokea Mbwa Wangu

Kwa Waheshimiwa,
Kitengo cha Afya ya Wahamiaji,
Vituo vya Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa (CDC),
Atlanta, Marekani.

Kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, upande wa Endiinzi, wilaya ya Isingiro, Uganda.

YAH: OMBI LA MTU KUMSINDIKIZA MBWA WAKE KUHAMIA MAREKANI

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza nawashukuru, maana kwetu mtu haombi kabla hajashukuru. Nimeyasoma masharti yenu ya kuingiza mbwa Marekani, yale yaliyoanza kutumika tarehe 1 Agosti 2024. Karatasi nyingi zimepita mikononi mwangu tangu nivuke mpaka wa Bunagana, lakini zilizoandikwa kwa adabu namna hii sijapata kuziona. Zina mwanzo, zina katikati na, jambo ambalo sisi wa Nakivale hatujalizoea, zina mwisho.

Niwaeleze tulivyo. Kiwanja chetu ni mita thelathini kwa thelathini, na humo tunaishi mimi, mke wangu, watoto, mbwa mmoja anayeitwa Subiri, paka wawili, mbuzi, bata, na simbilisi ambao idadi yao ya asubuhi si ile ya jioni. Simbilisi ni desturi tuliyotoka nayo Kivu Kusini, Kongo, ambako hata mwenye chumba kimoja huwafuga chini ya kitanda. Kuhusu jina la mbwa, majirani hawalipendi. Usiku nikimwita, “Subiri! Subiri!”, kuna mzee mmoja hujibu kutoka nyumba ya tatu kwamba yeye hiyo kazi ameshaifanya vya kutosha.

Mwezi Mei 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilieleza kwamba wakimbizi milioni moja hapa Uganda wameondolewa kwenye mgao kwa kukosekana fedha. Basi nikasema tuhame, sote, na mifugo yetu. Mkongo hahami peke yake. Hata siku ile tunakimbia risasi kuna waliobeba kuku. Nikaanza kuuliza kila kiumbe wa nyumba yangu anaruhusiwa kwenda wapi, na hapo ndipo nilipokutana na ofisi yenu.

Subiri yuko vizuri mno. Uganda mmeiweka kwenye orodha ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, na sina ubishi, lakini hamkuishia kwenye kuorodhesha. Mmemwekea njia. Atimize miezi sita. Awekwe chipu chini ya ngozi, kisha ndipo achanjwe, si kinyume chake. Damu yake ipelekwe kwenye maabara iliyomo katika orodha yenu. Daktari wa mifugo wa serikali aweke sahihi na muhuri. Fomu ijazwe mtandaoni, bila malipo, na picha ya mbwa iambatanishwe. Atue kwenye kimojawapo cha viwanja sita vya ndege ambako amewekewa nafasi ya kukaguliwa. Na kama kipimo cha damu hana, bado hamumfukuzi: anakaa karantini siku 28, kwa gharama ya mwenyewe, kisha anatoka zake.

Siku 28! Nilimsomea yule mzee wa nyumba ya tatu akaniomba nirudie. Makazi haya ya Nakivale yalifunguliwa mwaka 1958 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokuja kupumzika kidogo mpaka mambo yatulie kwao.

Paka ndio walionitoa machozi. Nimetafuta kote katika masharti yenu sikuona mahali mnapomdai paka cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Mnachotaka ni paka aonekane mzima. Yaani anaingia Marekani kwa sura! Paka wangu mmoja ni mwizi wa dagaa aliyethibitishwa na mtaa mzima, na bado akijilamba vizuri asubuhi ya safari hakuna wa kumuuliza kitu. Mimi nimewahi kuulizwa jina la bibi mzaa baba mara nyingi kuliko baba mwenyewe alivyowahi kulitaja.

Mbuzi nimekubali watabaki. Wizara yenu ya Kilimo haitaki mbuzi hai kutoka nchi yenye ugonjwa wa miguu na midomo, na sisi hapa Isingiro ugonjwa huo tunaujua kwa jina na kwa tabia. Karantini ikitangazwa, masoko ya mifugo yanafungwa, na mbuzi hatoki hapa kwenda hata Mbarara. Isipotangazwa bado kuna barua ya mwenyekiti wa kijiji (LC1), kisha kibali cha afisa mifugo. Hata hivyo mbuzi ana faida moja: karantini yake hutangazwa siku ya kuanza, na siku ya kwisha hutangazwa pia.

Simbilisi ndio walionipa kazi ya kufikiri. Asili ya simbilisi ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Mababu zake waliletwa huku na watu, hawakuja kwa hiari. Lakini mwaka 2003 virusi vya mpox viliingia kwenu kupitia shehena ya wanyama kutoka Ghana, mkapiga marufuku panya na jamaa zake wote wanaotoka Afrika, hai au mfu, moja kwa moja au kwa kuzunguka. Kwa hiyo simbilisi wangu, ambaye kwa ukoo ni mtu wa upande wenu wa bahari, harudi. Kosa lake ni kupitia huku. Nimemwangalia akitafuna majani yake nikaona sina haja ya kumweleza. Ni mmoja wetu.

Sasa nije kwa mtu. Katika mwaka wenu wa fedha ulioishia Septemba 2024 mlipokea wakimbizi zaidi ya 100,000, na Wakongo ndio waliokuwa wengi kupita taifa jingine lolote. Tarehe 20 Januari 2025 rais wenu alitia sahihi amri ya kusimamisha mpango mzima, ikaanza kazi tarehe 27. Watu waliokwisha kupimwa, kuchanjwa na kupewa tarehe za ndege, waliouza vitanda na kugawa sufuria, wakaambiwa safari hakuna. Kisha kwa mwaka wa fedha wa 2026 kikomo kikawekwa watu 7,500, sehemu kubwa wakiwa Waafrikana, yaani Wazungu wa Afrika Kusini. Kundi lao la kwanza lilitua uwanja wa Dulles, karibu na Washington, tarehe 12 Mei 2025. Sina kinyongo nao. Mtu akifunguliwa mlango aingie. Ila Dulles, waheshimiwa, ni kimojawapo cha vile viwanja sita vya mbwa wangu. Kwa hiyo njia naijua.

Mtashangaa kwa nini siwaandikii wakubwa wa siasa. Nawaandikia ninyi kwa sababu mwongozo wa kumpima mkimbizi kabla ya kusafiri, picha ya mapafu kutafuta kifua kikuu, damu, chanjo, nao umetoka mikononi mwenu. Ofisi ni moja, faili ni mbili. Ya mbwa iko juu, ya mtu imewekewa kikombe cha kahawa.

Na ukilinganisha faili zenyewe, sioni nilipozidiwa. Mbwa anatakiwa chipu. Mwaka 2018 serikali ya Uganda na UNHCR walituhakiki upya nchi nzima, vidole kumi na mboni za macho, kwa hiyo nasomeka kwenye mashine kuliko Subiri. Mbwa anatakiwa chanjo. Mikono yetu imechanjwa mpaka hatukumbuki ni ya nini. Picha? Nimepigwa nikiwa na nywele na nikiwa sina. Tofauti ni hii tu: mbwa akitimiza, ametimiza. Hakuna mtu Atlanta atakayemwita tena Subiri baada ya miaka mitatu kumwambia kwamba chanjo yake ilikuwa sahihi, damu yake safi, chipu inasoma, lakini katika kungoja majibu muda wa vipimo umepita, aanze upya.

Ndiyo maana naomba kusafiri chini ya mbwa. Fomu yenu inataka jina la mtu anayemleta, nami hapo nimeandika jina langu kwa herufi kubwa. Mbwa hawezi kujishikia kamba. Nipo tayari kuingia kituo cha ukaguzi pamoja naye, kuchanjwa kichaa cha mbwa nikihitajika, na kukaa hizo siku 28, hata mara mbili mfululizo. Mke wangu anauliza kama naye anaweza kuandikwa chini ya paka. Nimemwambia sheria ya paka inataka mtu aonekane mzima, na baada ya mwaka wenye mgao kama huu asijiamini sana.

Maandalizi yameshaanza. Nimempeleka Subiri Mbarara kwa bodaboda, kwa kuwa hakuna kondakta aliyekubali kumpandisha mbwa kwenye taksi. Tulimtia kwenye gunia la mahindi, kichwa nje, nikambana kati ya tumbo langu na mgongo wa dereva. Vumbi la barabara ya Isingiro lilimgeuza rangi kabla hatujafika lami, na kila tulipopita mfugaji mwenye ng'ombe alinyoosha shingo kuwabwekea wale wa pembe ndefu kana kwamba yeye ndiye mwenye Ankole. Mjini tulimpata daktari wa mifugo, kijana mpole. Alimchanja, akamshika masikio, akayasoma masharti yenu kwenye simu yangu mpaka chini.

“Mzee, chipu sina,” akasema. “Nina herini za ng'ombe.”

Nikamuuliza kama herini inakubalika Marekani. Akasema hajui, ila Mbarara hakuna anayeibishia. Kisha akakumbuka kwamba chanjo inatakiwa ije baada ya chipu, na yeye alikuwa ameshachanja. Itabidi turudie. Subiri hakulalamika, na mimi nilifurahi kupita kiasi, kwa sababu ilikuwa mara yangu ya kwanza kuambiwa nirudie jambo huku naonyeshwa ni lipi, kwa nini, na likiisha linafuata lipi.

Basi waheshimiwa, mkiona ombi la kusindikiza ni zito, ninalo jepesi zaidi, wala halihitaji kikao. Ichukueni ile fomu ya mbwa kama ilivyo. Palipoandikwa mbwa, andikeni mkimbizi. Umri uacheni, maana hapa miezi sita tumeipita zamani. Chipu, sindano, damu, muhuri wa serikali, picha ya uso na ya ubavu, viwanja sita, siku 28, vyote viacheni vilevile. Msitupunguzie sharti hata moja. Tutayatimiza, na siku tukiyatimiza, mtupokee.

Wenu mtiifu,
Mfugaji wa Nakivale.

Viambatisho: picha mbili za mbwa, cheti cha chanjo (kitabadilishwa chipu ikipatikana).
Nakala: mzee wa nyumba ya tatu, kwa taarifa yake.